Mchawi Mwenye Kovu Langu

Sehemu ya Tano

Kuna waliolikosa gazeti wiki iliyopita, na kuna waliolisoma wakaniandikia barua za kunionya ninyamaze. Wa kwanza nitawaeleza kwa ufupi tulipofika. Wa pili nawajibu hivi: nimeanza, na nitamaliza.

Jina langu ni Zita. Nilizaliwa Kilema, nikaolewa Marangu na Theodory Mtui, mwanamume niliyempata kwa sababu ya katuni. Ndiyo, katuni. Tulikutana Moshi mjini kwenye meza ya muuza magazeti, kila mmoja ameshika upande wake wa nakala ya mwisho ya jarida la hadithi za picha, hakuna anayekubali kuachia. Mwishowe tukalisoma pamoja tukiwa tumesimama pale pale, yeye anafungua kurasa, mimi nasoma kwa sauti, mpaka mwenye meza akatufukuza.

Wengine hupendana kwayani, wengine dansini. Sisi tulipendana kwa watu wanaoruka angani. Kabla stesheni za Dar hazijatufikia, Theodory alifunga antena juu ya mti wa mgrivea wa kwao, tukawa tunanasa stesheni za Kenya. Yeye huko juu anazungusha mlingoti, mimi dirishani napiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Aa, umepita, rudi!" Steringi, shujaa wa picha, mwenye kinyago akimkunja adui, tunarukaruka kama watoto waliotoka shule.

Siku moja kamba ilimponyoka. Antena ikaniangukia, ikanichana shavu la kushoto kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni. Alilia kuliko mimi. "Hata steringi huwa na alama," akaniambia. Nikamwamini.

Baba yangu hakunisamehe kwa kuuacha Ukatoliki na kufunga ndoa kwenye usharika wa Walutheri. Nilimwambia atazoea. Tukafungua ukumbi wa video Pasua, hapo Moshi. Theodory kwenye deki, mimi kwenye maiki, natafsiri picha za Kizungu kwa Kiswahili papo kwa papo. Asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, tulitunga katuni yetu wenyewe. Tulimwita Mama Mchi, mwanamke wa mlimani ambaye akitwanga kinu chake, ardhi hutetemeka mpaka chini ya miguu ya mwovu, popote alipojificha. Hadithi yangu, michoro yake. Madaftari manne.

Kisha Theodory akaenda Dar na madaftari yale kutafuta mchapaji. "Wiki mbili tu, mke wangu." Ikapita miezi saba bila barua.

Niliwaacha pale Eliona, rafiki yangu anayekata tiketi mlangoni, aliponiwekea kitu mezani akasema, "Dada Zita, kaa kwanza, ndipo utazame."

Nikakaa.

Lilikuwa jarida jipya, bado linanuka wino. MAMA MCHI, kwa herufi nyekundu. Chini yake: Hadithi na michoro ya Theodory Mtui.

"Hadithi na michoro," nilisoma kwa sauti. "Vyote vyake."

"Fungua ndani." Eliona hakuniangalia usoni.

Mama Mchi alikuwa amebadilishwa sura. Yule wangu alikuwa mrefu, mkavu, kama shangazi yangu wa Kilema. Huyu alikuwa binti wa mashavu, mwenye mwanya na alama nyeusi juu ya mdomo. Sikumjua.

Ukurasa wa tatu nikakutana na adui. Zamani adui wetu alikuwa mwanamume, mnunuzi wa kahawa mwenye mizani ya uongo. Hakuwapo. Mahali pake palikuwa na mchawi aitwaye Bibi Kovu.

Kovu lilianzia chini ya jicho la kushoto, likaishia kidevuni. Kichwa kimeinama upande, kama ninavyoinamisha changu nikisikiliza picha. Na mkononi, wasomaji wangu, ameshika maiki. Akitamka neno kwenye maiki hiyo, waume za watu hupofuka.

Nililifunga jarida. Nikalifungua tena. Bado nilikuwa mimi.

"Pengine siyo wewe," Eliona akasema.

"Eliona."

"Basi ni wewe," akasema, akaanza kulia.

Mimi sikulia.

Kabla ya wiki kwisha Pasua yote ilikuwa imesoma. Nikipita soko la Mbuyuni nasikia nyuma yangu: "Bibi Kovu huyo! Ficheni waume zenu!" Mama mmoja niliyekuwa nikinunua ndizi kwake miaka yote alimvuta mwanawe, akamfunika uso kwa kanga mpaka nilipopita. Na hakuwa akitania.

Nawaungamia ninyi kama ninavyomuungamia Mungu. Siku ile niliacha kumpenda Theodory. Pale upendo ulipotoka paliingia kitu kingine, na kilikuwa na nguvu kuliko upendo.

Sikuwa na haja ya kumtafuta. Alikuja mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, mchana kweupe. Nilikuwa nasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Akaingia na suruali ya kitambaa, viatu vya ngozi, na kitenge kipya mkononi.

"Hodi mwenye nyumba!"

"Karibu."

"Hunikumbatii?"

"Mikono yangu ina spiriti."

Akavuta benchi, akakaa. Alikuwa amenenepa. Alitazama ukuta, viti, televisheni yetu, kana kwamba anahesabu kama vyote vipo.

"Miezi saba, Theodory."

"Dar siyo Marangu, mke wangu. Kule hata muda wa kunywa chai hupewi. Kila siku nilisema kesho nitaandika."

Nilifungua droo, nikaliweka jarida mbele yake.

"Ah, umeliona!" Aling'ara uso mzima. "Unaonaje?"

"Jina langu liko wapi?"

"Mchapaji alitaka jina moja. Alisema mawili yanawachanganya wasomaji."

"Na huyu?" Nikaweka kidole juu ya Bibi Kovu.

Akafuta midomo. "Zita, hiyo ni katuni tu. Mchapaji alitaka adui mwenye sura ambayo mtu akiiona haisahau."

"Ukampa yangu."

"Sura ninayoijua kwa moyo ndiyo inayonichorekea upesi," alisema.

Wallahi, alidhani ananisifu.

Nilikuwa na chupa ya spiriti mkononi na kiberiti kiko pale pale dirishani. Nawaambia haya mjue nilikuwa mtu wa namna gani siku ile. Nikaifunga chupa.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Jumapili nataka tulizindue jarida hapa hapa. Mama atashuka kutoka Marangu, wazee wa usharika watakuja, walimu pia nimewaalika. Nimekuja na mkanda mpya, Kilimanjaro nzima haujaonyeshwa. Steringi anaruka kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ila lazima utafsiri wewe. Watu hawafuati picha hapa, Zita. Wanafuata sauti yako."

"Nitatafsiri."

"Hujakasirika?"

"Steringi hakasiriki," nikamjibu.

Akacheka, akaniachia kitenge, akaniambia atalala kwa mama yake kwa sababu miguu ya mama inamsumbua.

Alipoondoka nikautia mkanda kwenye deki. Nikautazama mara ya kwanza na sauti. Mara ya pili na sauti. Mara ya tatu nikazima sauti, nikatazama midomo peke yake. Nilipima kila sentensi ya steringi, ipi ndefu, ipi fupi, wapi anavuta pumzi, wapi anainamisha kichwa. Kufikia Jumamosi nilikuwa na maneno yangu tayari kwa kila pumzi yake.

Jumapili saa tisa alasiri ukumbi haukupitika. Watu wameketi, wengine wamesimama ukutani, wengine wananing'inia madirishani. Benchi la mbele alikaa mama mkwe wangu, Mama Elizabeth, na kilemba cheupe cha kanisani. Pembeni yake wazee wawili wa usharika. Majarida yamepangwa mezani, na kila anayeingia amechukua lake.

Theodory alisimama kuhutubia. "Nilianza na penseli na wazo," alisema. "Nilikesha. Nilihangaika. Leo nimefika."

Nilianza. Nilikesha. Nilihangaika. Nilizihesabu "ni" zote.

Mapazia yakashushwa, picha ikaanza. Steringi wake mchana ni karani wa benki mwenye miwani, mpole, hata paka anamsukuma. Jioni anavaa kinyago, anaruka juu ya maghorofa kuokoa watu. Mkewe hajui. Kwa nusu saa nilitafsiri kwa uaminifu kama mhubiri. Watu walipiga makofi, wakamshangilia, wakamzomea adui. Theodory akawa anageuka kuwaangalia wanavyofurahi.

Hapo mlango ukafunguliwa na mwanga ukaingia.

Alikuwa msichana mwenye begi la safari begani, nywele zimejaa vumbi la barabara. Alisimama akitafuta pa kukaa. Akamtabasamia Eliona. Nikauona mwanya. Nikaiona alama nyeusi juu ya mdomo.

Mama Mchi wa jaladani alikuwa ameingia ukumbini kwa miguu yake mwenyewe.

Theodory aligeuka na mwanga ule, akamwona. Shingo yake ikaingia mabegani kama ya kobe. Hakuinuka kumpokea. Hakumpungia hata mkono. Akageukia televisheni na kukazia macho, jasho linamtoka.

Nikasema moyoni, kumbe bado sijajua yote. Lakini ninayoyajua yanatosha.

Kwenye picha steringi alikuwa amefika nyumbani kwake. Mkewe yuko jikoni. Steringi akainua mikono miwili, akaanza kuvua kinyago.

Niliisogeza maiki mdomoni.

"'Mke wangu,'" nikasema kwa ile sauti nzito ya steringi, "'leo navua kinyago. Mimi siyo shujaa. Jina langu ni Theodory Mtui wa Marangu.'"

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani ni utani wa sherehe. Hata Theodory alijaribu kucheka.

"'Hadithi niliyoichapa si yangu. Aliitunga mke wangu, madaftari manne, kwa mwandiko wake. Nilifuta jina lake. Nilipokwisha kulifuta, nikamchora yeye kuwa mchawi.'"

Kicheko kikapungua, kama mvua inayokatika.

Mke wa steringi akamshika mumewe shavu, akamwuliza jambo. Hapo sikubadilisha sauti. Nilitumia yangu.

"'Kovu hili alinipa nani?'"

"'Mimi,'" steringi akajibu. "'Niliachia kamba.'"

"'Na watu wakinizomea sokoni, umewahi kumwambia mtu ukweli huo?'"

Steringi akainamisha kichwa. Nilijua atakiinamisha.

"'Hapana. Nimeuza kovu lako kwa watu waliokuwa wanatafuta pa kutemea mate.'"

"Zita!" Theodory aliruka juu. "Tafsiri kilichomo!"

"Natafsiri kilichomo."

"Kaa chini bwana, unatuziba!" sauti ya mwanamume ikatoka nyuma. "Mwache dada atafsiri!"

"Atafsiri! Atafsiri!" ukumbi ukaitikia.

Theodory akakimbilia deki aizime. Eliona alikuwa ameshafika, amesimama mbele yake na lile gogo la kufungia mlango.

"Gusa uone," Eliona akamwambia. Eliona, yule anayelia akiona kuku amekanyagwa.

Kwenye picha, steringi alivaa tena kinyago, akafungua dirisha, akajirusha angani. Nikamsindikiza:

"'Kwaheri mke wangu! Wiki mbili tu! Kama nikichelewa miezi saba, ujue niko hewani!'"

Nyumba ilitikisika. Watu walipiga miguu sakafuni, waliinuka, walipigana mabega kwa kicheko. Majarida yakaanza kuruka kuelekea mbele, mengine yamechanwa. Theodory aliinua mikono kujikinga kichwa.

Nilisikia raha. Msinihukumu, au nihukumuni mkipenda. Sikuwahi kusikia raha kama ile, hata siku ya harusi yangu.

Katikati ya kelele zile yule msichana alitembea mpaka mbele. Mwanga wa televisheni ulipompiga usoni, wenye majarida wakaanza kunong'ona, wanatazama jalada, wanamtazama yeye. "Mama Mchi! Si ndiye huyu?" Kelele zikafa zenyewe.

Akasimama mbele yangu. Maiki ilikuwa wazi, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Samahani, dada. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Zita. Mke wake."

"Hapana," akasema taratibu, kama anayemrekebisha mgonjwa. "Mke wa Theodory alikufa. Antena ilimwangukia kichwani. Alinisimulia jinsi alivyomzika kwao Marangu."

Nikaizima maiki.

Mama mkwe wangu aliinuka kwenye benchi la mbele. Hakumtazama mwanawe wala mimi. Alijifunga kanga vizuri, akatoka nje anachechemea, na wazee wale wawili wakamfuata.

Theodory yeye alitoka kwa dirisha. Lakini hakutoka kama steringi. Mkono wa shati ulinasa kwenye msumari, akabaki nusu ndani nusu nje, miguu inapiga hewa, watu wa ndani wanamsukuma na wa nje wanamvuta, mpaka shati likaachana naye. Kicheko cha watu kilimfuata barabara nzima ya Pasua.

Ukumbi ulipotulia, tulibaki watatu. Eliona akatumiminia chai. Yule msichana alishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Mwanamke aliyepewa sura ya shujaa wangu! Lakini kila nilipotaka kuanza, niliona vumbi lile kwenye nywele zake.

Jina lake lilikuwa Magreth. Alikuwa karani katika ofisi ya jarida lile. Alipanda basi alfajiri bila kumwambia Theodory, amshtukize kwenye uzinduzi wake.

"Alinipata kwa picha," akasema. "Kila Jumamosi tulikwenda kutazama watu wanaoruka. Halafu ananichora nilipocheka, nilipoogopa. Hakuna mtu aliyewahi kunichora."

Yalikuwa maisha yangu anayonisimulia.

"Tumeshatangazwa kanisani," akaendelea. "Tangazo la kwanza lilisomwa Jumapili iliyopita. La pili limesomwa leo, mimi nikiwa njiani kuja huku."

"Basi vunja. Leo leo."

"Sivunji."

Eliona aliweka chupa ya chai chini.

"Nikivunja, atasema nilikuwa na wivu," Magreth akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Watamwonea huruma, na mwezi hautakwisha atakuwa amepata mwingine. Mimi nitarudi Dar nimwambie nimemsamehe. Ataamini. Mwanamume aliyezoea kusamehewa huamini upesi. Jumapili ijayo tangazo la tatu litasomwa, na yeye atakaa mbele na suti mpya. Mchapaji wake anasali pale. Marafiki zake wote wanasali pale. Mchungaji atauliza kama kuna mwenye kizuizi." Akanitazama machoni. "Nataka usimame wewe, dada. Na cheti chako cha ndoa mkononi."

Nilicheka mpaka kovu likaniuma.

"Kanisa ni kubwa?" nikamwuliza.

"Kubwa sana."

"Usijali. Nina sauti ya kulijaza bila maiki."

Tulipeana mikono kama wanaume waliouziana ng'ombe. Jumatatu alfajiri nikamsindikiza kupanda basi, nikarudi nyumbani natembea kwa kudunda. Nikavuta sanduku langu la bati chini ya kitanda, nikalifungua.

Cheti hakikuwamo.

Nilitoa kila nguo. Nilikung'uta kila kitabu. Niligeuza godoro, nikapekua makabati ya ukumbini, nikatazama hata ndani ya maganda ya kanda. Hakikuwapo. Basi alipoondoka kwenda Dar, hakuondoka na madaftari peke yake.

Nikakaa sakafuni. Bila karatasi ile, Jumapili ningekuwa nani? Mwanamke mwenye kovu anayepiga kelele kanisani, katika mji asikojulikana. Wangenitoa nje kwa mikono, na mtoto yeyote mwenye lile jarida angesema jina langu: Bibi Kovu.

Saa sita mchana nikasikia hodi. Alikuwa Mama Elizabeth, mama mkwe wangu, ameshuka kutoka Marangu na miguu yake ile mibovu. Mkononi ameshika jani bichi la isale.

Kwa wasiojua desturi zetu, mtu akikujia na isale anakuomba msamaha, na aliyepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa. Ukikataa unajitafutia balaa ambalo wajukuu zako watalirithi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaweka mikono yangu nyuma.

"Karibu ukae, mama. Nitakuchemshia maji ya miguu. Lakini hilo jani usinipe. Theodory aje mwenyewe na lake, na akija nalo sitalipokea, hata nife kwa laana."

"Siyo la Theodory," akasema. "Ni langu."

Akakaa. Akachukua pindo la kanga yake, akaanza kufungua fundo kwa meno na vidole. Ndani mlikuwa na karatasi zilizokunjwa.

"Cheti chako ninacho mimi," akasema. "Aliniletea siku anaondoka, akaniambia nikichome. Sijui kusoma, Zita, ila najua karatasi ambayo haifai kuchomwa."

Damu ilinirudi mwilini. Nikanyoosha mkono. Akazivuta kwake.

"Unakitaka cha nini?"

Ningeweza kusema nataka kumwokoa yule binti wa watu. Ingekuwa kweli kidogo. Lakini mama huyu alinitibu shavu kwa mikono yake mwenyewe, sikuweza kumdanganya.

"Nataka kumwangusha mwanao, mama. Mbele ya watu. Aanguke asiinuke."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyetegemea kubaya zaidi. Akaikunjua karatasi ya juu, akailaza juu ya benchi. Kilikuwa cheti changu, na saini yangu ya usichana. Kisha akaikunjua ya chini. Ilikuwa kuukuu, imegeuka manjano kwenye mikunjo.

"Na hii?"

"Soma wewe uliyesoma."

Kilikuwa cheti kingine cha ndoa, cha bomani. Mume: Theodory Mtui. Mke: Hilda. Tarehe yake ilitangulia harusi yangu kwa mwaka mmoja na nusu. Chini, kwenye nafasi ya shahidi, palikuwa na alama ya dole gumba.

"Dole hilo ni langu," Mama Elizabeth akasema.

Niliisoma tarehe mara tatu. Mimi niliyejipanga kwenda kuwa kizuizi kwenye ndoa ya mwenzangu! Kumbe siku mchungaji aliposimama kwenye harusi yangu mimi na kuuliza kama kuna mwenye neno, mama huyu alikuwa amekaa benchi la mbele.

"Ulisikia akiuliza, mama. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Ndiyo sababu nimekuja na isale."

"Huyu Hilda alikufa?"

"Yuko hai. Yuko Kahe, analima mpunga." Alisema akitazama miguu yake. "Marehemu mzee, baba yake Theodory, alimkataa. Alisema mwanawe haoi watu wa tambarare. Theodory akamwacha kimya kimya kama alivyokuacha wewe. Ndugu zake walipopanda Marangu kumwuliza, mimi ndiye niliyewajibu."

"Uliwajibu nini?"

"Niliwaambia mwanangu amekufa. Kwamba gari lilipinduka Holili. Hilda alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, Zita. Hajaolewa tena. Mpaka leo, kila akivuna, ananiletea debe la mchele. Anasema ni la mama wa marehemu. Na mimi naupokea, naupika, naula."

Wasomaji wangu, nilikuwa nimejaa hasira mpaka siku ile, lakini ilikuwa hasira ya mtu mmoja. Theodory alinizika mimi nikiwa hai. Na huko tambarare alikuwapo mwanamke mwingine aliyefundishwa kumlilia Theodory ilhali yeye yu hai, anavaa suti, anachora wanawake.

Nilipokea isale. Lake yeye, siyo la mwanawe. Aliponiona nimelishika alilia kwa sauti, na mimi nikamwacha alie, kwa maana alikuwa na deni la machozi hayo.

Kisha nikachukua vyeti vyote viwili, nikavifunga kwenye pindo la kanga yangu.

"Utaweza kufika Kahe kwa miguu hiyo, mama?"

"Nitafika."

"Basi inuka."

Nikafunga mlango wa ukumbi, nikamshika mama mkwe wangu mkono, tukashuka tambarare kumwambia mjane kwamba mumewe yuko hai, na kwamba Jumapili anatangazwa kuoa.